Sh 1,300,000 na swali la gemu za kustrimu: uchambuzi wa kisa cha Tabata

Mwenye kisa ni kijana wa miaka 26 anayeishi Tabata Segerea, Dar es Salaam, kwa dada yake, pamoja na shemeji na wapwa wawili. Kazi yake ni kutengeneza mabango na matangazo ya mitandaoni kwa maduka ya Kariakoo, kwa hiyo laptopu anayo: Core i5 ya kizazi cha 8, RAM ya GB 8, bila kadi ya grafiki. Sebuleni kuna TV ya inchi 43. Faiba ya Mbps 20 analipia shemeji, yeye anachangia. Ameweka pembeni Sh 1,300,000 kwa ajili ya gemu, na anataka vitu vitatu: mpira wa kucheza na washkaji wikiendi, gemu za risasi za mtandaoni, na zile gemu ndefu za hadithi ambazo mtu anacheza peke yake usiku nyumba ikishalala.

Ameshatazama video za kutosha kuhusu huduma za kustrimu gemu, na maelezo yake yanatamanisha. Hununui mashine. Seva iliyo mbali ndiyo inayoendesha gemu, inakuletea picha kama video, nawe unaipelekea mibonyezo ya padi. Laptopu ile ile ya mabango inaonyesha gemu ambayo kwa nguvu zake yenyewe isingefunguka hata ukurasa wa mwanzo. GeForce NOW ya Nvidia, kwa mfano, ngazi yake ya kwanza ya kulipia ni dola 9.99 kwa mwezi. Tukikadiria dola kwa Sh 2,500, hiyo ni kama Sh 25,000, na akiba yake ingemfikisha zaidi ya miaka minne. Je, ajiunge au anunue mashine?

Jibu letu: anunue mashine, na teknolojia ya kustrimu aitumie ndani ya nyumba, ambako inafanya kazi vizuri mno. Bei ya huduma haikuwa na uzito mkubwa katika jibu hili. Kilichoamua ni umbali wa seva, na ukweli kwamba huduma kubwa za aina hii haziiweki Tanzania kwenye orodha zao. Yafuatayo ni jinsi tulivyofika hapo.

Kinachouzwa

Huduma hizi ni za namna tatu, na kuzichanganya ndiko kunakowapotezea watu hela. Ya kwanza inakukodishia kompyuta tu, gemu unakuja nazo mwenyewe. GeForce NOW iko hapa. Gemu ulizonunua Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, zinabaki zako hata ukiacha kulipa, ila siyo kila gemu ya Steam inakubaliwa: Februari 2020, wiki chache baada ya huduma kutoka kwenye majaribio, Activision Blizzard na Bethesda waliziondoa gemu zao humo. Ya pili inakukodishia kompyuta pamoja na maktaba ya gemu, kama Xbox Game Pass Ultimate na PlayStation Plus Premium. Ukiacha kulipa, unatoka mikono mitupu. Oktoba 2025 Game Pass Ultimate ilipanda hadi dola 29.99 kwa mwezi nchini Marekani, yaani karibu Sh 75,000 kwa hesabu yetu, Sh 900,000 kwa mwaka.

Ya tatu ilikuwa ya kununua gemu ndani ya huduma yenyewe, gemu ambayo haichezeki popote pengine. Stadia ya Google ilianza hivyo Novemba 2019 na ikafungwa tarehe 18 Januari 2023. Google iliwarudishia watu hela za gemu na vifaa vilivyonunuliwa kwenye duka lake, jambo la kiungwana, lakini hakuna anayeahidi kwamba mwingine atafanya vile. Namna hii mtu asiiguse kabisa, awe Dar au Berlin.

Kipimo kabla ya hela

Kijana alipima spidi kwa Speedtest akapata Mbps 19.6 na pingi (muda wa data kwenda na kurudi) ya milisekunde 4, akaona mambo safi. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Speedtest ikifunguliwa inachagua yenyewe seva ya karibu, na seva ya karibu iko humu humu Dar. Milisekunde 4 ni muda wa kutoka Tabata hadi katikati ya mji na kurudi. Gemu haiendeshwi katikati ya mji.

Kipimo chenye maana kinafanyika hivi. Kwanza, laptopu iunganishwe kwenye ruta kwa kebo, ili matatizo ya Wi-Fi yasichanganyike na ya njia ya nje. Pili, ndani ya Speedtest badilisha seva kwa mkono: chagua Johannesburg, pima, chagua London au Frankfurt, pima. Tatu, rudia saa mbili tofauti, asubuhi siku ya kazi na Ijumaa kati ya saa 2 na saa 5 usiku, maana usiku ndio muda wa kucheza na ndio muda ambao mtaa mzima uko mtandaoni. Nne, fungua dirisha la amri la Windows, andika *ping -n 100* ikifuatiwa na anwani ya seva iliyo Johannesburg au Ulaya, uache pakiti 100, yaani vipande vidogo vya data, ziende. Wastani pekee hautoshi. Angalia pia kubwa kuliko zote, ndogo kuliko zote, na ngapi zimepotea.

Majibu ya Tabata yalikuwa hivi. Asubuhi, Johannesburg milisekunde 61, London 158, hakuna pakiti iliyopotea. Ijumaa saa 3 usiku, Johannesburg wastani 74 na vilele vya 140. London wastani 171, pakiti 2 kati ya 100 zikapotea.

Sasa yaweke hayo karibu na masharti. Nvidia inataka chini ya milisekunde 80 hadi kituo chake, na inapendekeza chini ya 40. Upande wa spidi inataka Mbps 15 kwa picha ya 720p (ya ukali wa kati) na fremu 60 kwa sekunde, Mbps 25 kwa 1080p (kali zaidi). Mbps 20 za Tabata zinatosha 720p, zikibaki 5 za nyumba nzima, na mpwa mmoja akifungua YouTube kwenye TV zile 5 zimekwisha. Tatizo la spidi linatibika kwa kupandisha kifurushi. La London halitibiki kwa hela yoyote.

Kwa nini umbali haununuliki

Mwanga ndani ya nyuzi za faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Maana yake, kila kilomita 100 za kebo zinakula milisekunde 1 ya kwenda na kurudi, kabla kifaa chochote hakijaongeza chake. Kebo hazikati nchi kwa mstari ulionyooka. SEACOM, iliyofika Dar mwaka 2009, na EASSy ya mwaka 2010 zinashuka baharini hadi Mtunzini, pwani ya KwaZulu-Natal, ndipo data inapanda bara kwenda Johannesburg. Tukikadiria kilomita 3,500 za njia hiyo, sakafu, yaani muda mdogo kabisa unaowezekana, ni milisekunde 35. Kwenda Ulaya data inapita Bahari ya Shamu, Misri na Mediterania. Kilomita 9,000 au 10,000 zinatupa sakafu ya 90 hadi 100. Ruta za njiani na msongamano vinaongeza juu yake, ndiyo maana kipimo kilisoma 61 na 158. Mtoa huduma akikuuzia Mbps 200, ile 158 haisogei. Utapokea picha nzuri zaidi, kwa kuchelewa kule kule.

Juu ya pingi kuna mengine. Padi ya Bluetooth inachukua milisekunde kadhaa, Wi-Fi yenye afya 2 hadi 10, seva kubana picha 5 hadi 10, laptopu kuifungua 5 hadi 15. TV isiyowekwa kwenye hali ya gemu inaweza kuongeza 60 au zaidi peke yake. Kwa London, Ijumaa usiku, kijana angekuwa na nyongeza ya kama milisekunde 190 hadi 200 juu ya ile ambayo gemu yenyewe inayo hata ikichezwa kwenye mashine ya mezani. Kwenye mpira, unabonyeza kupiga shuti, beki anafika, anauchukua, halafu mchezaji wako ndiyo anarusha mguu.

Kuna hoja moja inayorudi kila mara na inastahili kujibiwa kwa kirefu: mbona watu wa Dar wanacheza gemu za risasi kwenye seva za Johannesburg kwa pingi ya 60 na wanashinda? Kweli, wanacheza. Lakini 60 ile siyo sawa na 60 ya kustrimu. Kwenye mchezo wa kawaida wa mtandaoni, gemu iko kwenye mashine yako. Ukigeuza kichwa, picha inageuka papo hapo, kwa sababu mashine yako ndiyo inayoichora. Kinachosafiri kwenda Johannesburg ni taarifa fupi kwamba umegeuka na umefyatua. Gemu inabashiri mbele, seva inakuja kusahihisha baadaye, na wewe huoni. Kwenye kustrimu hakuna wa kubashiri. Hata kugeuza kichwa tu lazima amri iende hadi kwenye seva, picha ichorwe, ibanwe, irudi, ifunguliwe. Kila mwendo wa kidole unalipa nauli nzima. Tena ukicheza mtandaoni kupitia kustrimu, nauli ni mbili: yako hadi kwenye seva ya huduma, na ya huduma hadi kwenye seva ya mchezo.

Gemu za zamu, kama Civilization, au za kusimamia timu kama Football Manager, hazijali. Hata milisekunde 200 utazizoea ndani ya dakika kumi. Mtu ambaye anacheza hizo peke yake asome uchambuzi huu akijua kwamba kwake hesabu ni nyingine.

Orodha ya nchi, VPN na kadi

Hata vipimo vingekuwa vizuri, mlango umefungwa. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za GeForce NOW wala za Xbox Cloud Gaming. Sony nako ni hivyo hivyo: Afrika Kusini, ambako PlayStation Network ipo rasmi, ngazi ya juu ya PlayStation Plus inaitwa Deluxe badala ya Premium, na tofauti yake kubwa ni kwamba Deluxe haina kustrimu kutoka kwenye seva. Mwenye akaunti ya Afrika Kusini asinunue Deluxe akidhani ni Premium yenye jina jingine. GeForce NOW iliingia Afrika Kusini kupitia kampuni ya simu ya rain, kwa ajili ya wateja wa kule.

Ushauri unaozunguka kwenye magrupu ni kuweka VPN, programu inayokuonyesha kama uko nchi nyingine. Kuna mambo matatu ya kujua. VPN inaongeza kituo kingine njiani, kwa hiyo pingi inapanda. Inakiuka masharti ya huduma, na akaunti ikifungwa hakuna wa kumlilia. Na nchini kwetu, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilitoa tangazo Oktoba 2023 likiwataka watu na kampuni wanaotumia VPN kuitolea taarifa kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Mtu anayetaka kupumzika na gemu baada ya kazi hana sababu ya kujiingiza huko.

Malipo nayo yana kona zake. Kadi ya mtandaoni inayotolewa na pesa za simu inakubalika kwenye maduka mengi ya nje, lakini huduma iliyofungiwa nchi inalinganisha nchi ya kadi na nchi ya akaunti. Zisipofanana, malipo yanakataliwa, au yanakubaliwa mwezi wa kwanza na kukwama wa pili. Wanaouza akaunti zilizokwisha kulipiwa kupitia WhatsApp wanakuuzia mbuzi kwenye gunia: nenosiri analo yeye, na barua pepe ya kurejesha akaunti ni yake.

Bando, umeme na siku ambazo intaneti haipo

Kijana ana faiba isiyo na kikomo, kwa hiyo hesabu hii haikumgusa, ila wengi watakaosoma wanatumia laini ya simu. Mbps 15 kwa saa nzima ni GB 6.75. Mbps 25 ni GB 11.25. GB moja ikikupata kwa Sh 2,000, saa moja ya picha ya 720p ni Sh 13,500. Kwa hela ya saa hiyo moja, kwenye kibanda cha gemu ungepiga mechi za Sh 500 mpaka vidole viote sugu. Kwa bando, usijaribu.

Umeme unaelekea upande wa kustrimu, lakini kidogo tu. Kompyuta ya gemu inayovuta wati 200, saa mbili kila siku, inakula uniti 12 kwa mwezi. Kwa Sh 356 ya uniti ya LUKU kwa mteja wa kawaida, ni kama Sh 4,300. Laptopu inayopokea picha inakula sehemu ndogo ya hapo. Tofauti haifiki bei ya wiki moja ya usajili.

Kisha kuna siku mbaya. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM ziliharibika kwa pamoja karibu na Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kwa siku kadhaa hata kutuma picha WhatsApp ilikuwa shughuli. Mwishoni mwa Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini siku kadhaa. Siku kama hizo gemu iliyo kwenye diski yako, ikiwa ni ya kucheza peke yako na umewahi kuifungua ukiwa hewani, inachezeka. Ya kustrimu ni skrini nyeusi, na usajili unaendelea kuhesabu.

Dalili tatu, dawa tatu

Watu husema tu "inakwamakwama", na kwa neno hilo moja wanakwenda kununua ruta mpya. Angalia kwanza inakwama vipi.

Picha ikigeuka vigae vigae, hasa kwenye nyasi na moshi, halafu ikarudi safi, data haitoshi. Shusha picha hadi 720p au pandisha kifurushi.

Picha ikiganda nusu sekunde kisha ikaruka mbele, pakiti zinapotea au zinafika kwa vishindo. Mara nyingi kosa liko ndani ya nyumba. Wi-Fi ya 2.4 GHz kwenye nyumba zilizobanana kama Tabata au Sinza inagombania chaneli tatu zisizoingiliana na ruta za majirani wote. Hamia 5 GHz, lakini ujue haipendi kuta za tofali za saruji. Ukuta mmoja inavumilia, mitatu haifiki. Kebo ndiyo dawa ya uhakika. Sababu nyingine ni foleni ndani ya ruta: anzisha kupakua faili kubwa huku pingi ikiendelea. Tabata, 61 ilipanda hadi zaidi ya 300 mara tu simu ya dada ilipoanza kupandisha video zake kwenye hifadhi ya mtandaoni. Dawa ni kuingia kwenye ruta, sehemu ya QoS (inayopanga matumizi ya data), na kuweka kikomo cha asilimia 85 ya spidi halisi kwenda na kurudi, yaani Mbps 17 kati ya 20. Foleni inahamia mahali unapoweza kuisimamia. Ruta nyingi zinazoletwa na watoa huduma zimefungwa sehemu hiyo, kwa hiyo huenda ukahitaji ruta yako nyuma ya yao.

Picha ikiwa safi na laini, lakini vidole vimetangulia na picha inafuata, huo ni umbali. Funga mjadala.

Alivyoshauriwa kugawa hela

Swali la kwanza tuliloliweka mezani: kama ingekuwa mpira tu na washkaji wikiendi, basi PS4 Slim iliyotumika, aliyotajiwa kwa Sh 550,000 na padi mbili, ingemaliza kazi. Iwashwe dukani dakika ishirini huku gemu inaendelea, isikilizwe feni, ijaribiwe kumeza na kutema diski, itikiswe kidogo tundu la HDMI, na iingizwe akaunti mtandaoni palepale ili kuhakikisha haijafungiwa. Lakini yeye anataka na gemu za risasi, na kazi yake ya mabango inateseka kwenye RAM ya GB 8. Kompyuta ya mezani inatumika kotekote.

Orodha, kwa bei alizotajiwa madukani: Dell OptiPlex iliyotumika yenye Core i5 ya kizazi cha 8, RAM GB 8 na SSD ya GB 256, Sh 480,000. RAM nyingine ya GB 8 ya DDR4, Sh 60,000. Kadi ya GTX 1650 ya GB 4, Sh 330,000. SSD ya pili ya GB 500 kwa ajili ya gemu, Sh 110,000. Padi mbili, Sh 90,000. Kebo ya mtandao mita 15 na viunganishi, Sh 25,000. UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12 ya ruta na kifaa cha faiba, Sh 65,000. Jumla Sh 1,160,000. Zinabaki Sh 140,000 za gemu, na Steam ikiwa kwenye punguzo zinanunua nyingi kuliko mtu anavyodhani.

Kosa ambalo lingemla hapa liko kwenye kesi, yaani boksi la kompyuta. OptiPlex hiyo inauzwa kwa umbo zaidi ya moja, na muuzaji atakuonyesha kwanza ile nyembamba kwa sababu ndizo zinazoingia nyingi. Nyembamba inataka kadi fupi ya kimo (low profile), ambayo ni adimu na ghali zaidi, na kadi fupi nyingi ni nene, zinahitaji nafasi mbili. Baadhi ya kesi hizo nafasi ya pili imebanwa. Achukue mnara, lile umbo kubwa. Pawa saplai ya mnara huo ni wati 260 na kwa kawaida haina waya wa ziada wa kadi ya grafiki. GTX 1650 ilichaguliwa kwa sababu inakula wati 75, kiwango ambacho tundu la ubao mama linakitoa lenyewe. Lakini angalia ubavuni mwa kadi: zipo GTX 1650 zenye tundu la pini 6, na hizo kwenye mashine hii hazitawaka. Muuzaji akisema atakuwekea kigeuzi cha waya kutoka kwenye diski, mwambie asante kaka, uondoke.

RAM ya pili iwe na spidi sawa na ya kwanza, iwekwe kwenye tundu la rangi inayolingana, ili zifanye kazi kwa pamoja. Kwenye gemu tofauti inaonekana.

Kustrimu, ila kutoka chumbani hadi sebuleni

Alichokitamani kwenye zile video, yaani kucheza kwenye TV bila kubeba mashine, au kitandani kwa simu, anakipata bila usajili wowote. Programu ya Sunshine inakaa kwenye kompyuta, Moonlight inakaa kwenye TV ya Android, simu au laptopu ya zamani. Zote ni za bure na msimbo wake uko wazi.

Kompyuta iunganishwe kwenye ruta kwa ile kebo ya mita 15. Upande huu ukiwa wa Wi-Fi, umeharibu nusu ya kazi. Sakinisha Sunshine, fungua *https://localhost:47990* kwenye kivinjari cha kompyuta hiyo hiyo, kitalalamika kuhusu usalama kwa sababu cheti ni cha kujitengenezea, endelea, weka jina na nenosiri. Fungua Moonlight kwenye TV. Kama zote ziko kwenye mtandao mmoja, itaiona kompyuta yenyewe. Ichague, itatoa namba nne, ziandike kwenye ukurasa wa PIN wa Sunshine. Weka 1080p, fremu 60, Mbps 20. Mbps hizo ni za ndani ya nyumba, hazigusi faiba ya shemeji wala bando la mtu. Washa takwimu za Moonlight: muda wa mtandao ukisoma milisekunde 2 hadi 5 na wa kufungua picha chini ya 10, umefika. Kisha TV iwekwe kwenye hali ya gemu, hatua ambayo watu wanaisahau na kulaumu programu.

Yanayokwamisha ni machache na yanajulikana. Skrini nyeusi maana yake kioo cha kompyuta kimezimwa na kadi haina pa kuchora. Kipachiko kidogo cha HDMI cha kuidanganya kwamba kuna kioo kinamaliza. Kompyuta isipoonekana kabisa, imelala. Zima usingizi kwenye mipangilio ya umeme ya Windows. Ikionekana kwa simu na isionekane kwa TV, simu na TV ziko kwenye mitandao miwili, mara nyingi mtandao wa wageni.

Lini jibu lingebadilika

Siku huduma mojawapo itakapoiweka Tanzania kwenye orodha yake rasmi, kijana apime upya. Kituo kikiwa Johannesburg na kipimo cha Ijumaa usiku kikasoma chini ya 60 bila vilele, gemu za hadithi zitachezeka vizuri kwa kustrimu, hasa zile kubwa ambazo GTX 1650 yenye GB 4 haitaziweza. Hapo Sh 25,000 ya mwezi mmoja, kwa gemu moja aliyoipania, itakuwa nafuu kuliko kubadilisha kadi. Mpira na risasi vibaki kwenye mashine.

Alipe mwezi kwa mwezi, asikubali punguzo la mwaka. Kama kuna ngazi ya bure, aimalize kwanza: GeForce NOW inatoa kipindi cha saa moja bure, baada ya kupanga foleni, na saa moja ya Ijumaa usiku inatosha kuonyesha kila kitu. Na kabla ya kulipa, afungue katalogi aitafute gemu ile hasa anayoitaka, kwa jina lake na toleo lake, kwenye duka alilonunulia. Gemu kuwepo kwa toleo la duka la Epic hakumaanishi kwamba ya Steam itafunguka.

UPS ya ruta aichaji saa nane kabla ya matumizi ya kwanza, na aangalie alama za volti kwenye adapta zote mbili: baadhi ya vifaa vya faiba ni volti 12, vingine 9, na plagi zinafanana.